Namba Mbili za Krismasi: Tumezipanga, na Tumegombana



Kila ikifika katikati ya Desemba, watu wazima wenye akili zao hapa Uingereza hukaa wakabishana ni wimbo gani utakaoshika namba moja siku ya Krismasi. Wengine hata huweka dau la kamari. Sisi tulipofika nchi hii tulidhani ni utani. Kumbe chati yenyewe ipo tangu 1952, na ushindani wa Krismasi ulipamba moto 1973. Ni mila kama mila nyingine, nasi tumeizoea kama tulivyozoea giza la saa kumi jioni.

Safari hii tumeamua kuwaacha washindi wapumzike. Tulikutana jioni mbili nyumbani kwa mmoja wetu, nyuma ya Bordesley Green Road, watu saba na birika la chai ya tangawizi, tukasikiliza nyimbo zilizokosa namba moja kwa chupuchupu. Wanne kati yetu ni Waislamu, wa Unguja na Mombasa. Wawili ni wa Moshi, na mmoja ni wa Bukavu, ambaye husema Noeli wala hataki kusahihishwa. Mtu anaweza kuuliza: Waislamu na nyimbo za Krismasi, wapi na wapi? Jibu ni kwamba nyimbo hizi hazibishi hodi. Zinakukuta ndani ya basi la 97, kwenye foleni ya duka, na usiku wa manane ukipiga deki wodini. Ukishausikia wimbo mmoja Desemba ishirini mfululizo, una haki ya kuutolea hukumu.

Kwanza tuelezane kinachohesabiwa. Zamani ilikuwa ni santuri zilizouzwa madukani katika wiki moja, basi. Aliyewahi kuhudhuria taarab atakumbuka namna ya kutunza: mtu anainuka kitini, anakwenda mbele kwa madaha, anampa mwimbaji noti yake, anarudi. Chati ni kutunza kwa taifa zima, kwa wiki moja tu. Lakini kila aliyekaa ukumbini anajua pia kuna mama aliyeketi nyuma kabisa, hakuinuka, hana noti, na ndiye aliyerudi nyumbani na wimbo moyoni. Mama huyo chati haikumwona kwa miaka mingi. Mwaka 2007 ndipo wimbo wowote wa zamani ulioweza kununuliwa kwa intaneti ulipoanza kuhesabiwa hata kama haupo dukani, na 2014 kusikiliza kwenyewe kukaingizwa hesabuni. Tangu hapo nyimbo za kale zinarudi kila Desemba kama mbayuwayu.

Tuanze na mtoto wa nyumbani. Roy Wood alizaliwa Kitts Green, mtaa ulio mashariki yetu, ambako ukipanda basi hapa humalizi gazeti kabla hujafika. Bendi yake ya Wizzard ilitoa "I Wish It Could Be Christmas Everyday" mwaka 1973, na watoto wanaoitikia humo walikuwa wanafunzi wa shule ya Stockland Green, hapa hapa mjini. Mwaka huo huo majirani zao wa upande wa Wolverhampton na Walsall, Slade, wakaja na "Merry Xmas Everybody" wakachukua namba moja. Wizzard waliishia namba nne, kwa hiyo kwa haki hawastahili kuwamo katika orodha hii. Tumewaingiza kwa ujirani, nafasi ya tano, na hatuombi radhi. Wimbo wenyewe una makelele ya harusi ambayo kila mjomba ameleta ngoma yake.

Mwaka 1975 ni mtihani kwa watu wa Unguja. Greg Lake alitoa "I Believe in Father Christmas", wimbo wa mtu mzima anayelalamika kwamba aliahidiwa Krismasi ya amani akapewa kitu kingine, na katikati yake akaweka muziki wa Mrusi Prokofiev unaokwenda mbio kama farasi kwenye theluji. Ni kazi nzuri. Ila aliyemzuia ni "Bohemian Rhapsody" ya Queen, na mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, ni Farrokh Bulsara aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, ambaye familia yake iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964 ikahamia karibu na London. Mle ndani ya wimbo wake mna neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa chuo Unguja hulitamka kabla hajafungua juzuu. Mara mbili wimbo huo ulikuwa namba moja ya Krismasi, 1975 na tena 1991, mwezi mmoja baada ya kifo chake. Wenzetu wa Unguja waligoma kabisa kumsikitikia Greg Lake. "Mtoto wetu kashinda, nyie mwataka tulie?" Tumempa nafasi ya nne, baada ya mabishano.

(Na kwa kuwa tupo 1975: mwaka huo huo "The Last Farewell" ya Roger Whittaker ilifika namba mbili. Haikuwa Krismasi, tunajua. Lakini Whittaker alizaliwa Nairobi mwaka 1936, na maneno ya wimbo ule aliletewa na msikilizaji wa kipindi chake cha redio, fundi wa vyombo vya fedha wa hapa Birmingham. Mtu wa Nairobi na fundi wa Birmingham wakakosa namba moja kwa pamoja! Tusingeweza kulipita jambo hilo kimya.)

Mwaka 1980 watu wengi hapa huutaja kama aibu ya taifa. John Lennon aliuawa tarehe 8 Desemba, wimbo wake ukapanda kileleni, na wiki ya Krismasi yenyewe ukashushwa na kwaya ya watoto wa shule ya St Winifred's wakimwimbia bibi yao. Wahakiki hawajasamehe mpaka leo. Sisi hatuoni aibu yoyote. Mtu aliyemwacha bibi yake kijijini akapanda ndege hawezi kucheka wimbo huo, hata ukiwa na sukari ya kuumiza meno.

"All I Want for Christmas Is You" ya Mariah Carey tuupite haraka. Ulikuwa wa pili 1994, nyuma ya East 17, ukafika kileleni hapa Uingereza Desemba 2020 baada ya miaka 26. Mzuri, unachezeka, na umeshalipwa kuliko sisi sote saba na vizazi vyetu. Hatukuupa nafasi.

Sasa tufike kwenye kilichotugombanisha.

Oktoba 1984 televisheni ya BBC ilionyesha taarifa kutoka Korem, katika milima ya kaskazini mwa Ethiopia, kuhusu njaa. Mwandishi alikuwa Michael Buerk, mzaliwa wa Solihull, jirani zetu hapo. Picha zilipigwa na Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, mtu wa kwetu kabisa. Wazungu wengi wanalikumbuka jina la Buerk, na jina la Bob Geldof aliyeiona taarifa ile akaita wanamuziki studio. La Amin wachache. Mwezi mmoja tu baadaye "Do They Know It's Christmas?" ilirekodiwa, ikawa namba moja. Nyuma yake, namba mbili, ikabaki "Last Christmas" ya Wham!

Linalochekesha ni kwamba George Michael alikuwamo katika nyimbo zote mbili. Kwenye ule wa kwanza aliimba na wenzake. Huu wa pili aliutunga mwenyewe na kupiga kila chombo mwenyewe, kisha yeye na mwenzake wakatoa mapato yao kwa njaa ile ile. Alijishinda mwenyewe, na njaa ikapata kutoka kote kuwili.

Tuseme wazi tunachofikiri. Wimbo wa Band Aid unauliza kama watu wale wanajua ni Krismasi. Waethiopia! Mfalme Ezana wa Aksum aliupokea Ukristo katika karne ya nne, miaka zaidi ya mia mbili kabla ya Augustino kutumwa na Papa kuja kuhubiri Canterbury mwaka 597. Katika milima ile ile ya kaskazini watu walichonga makanisa ya Lalibela ndani ya mwamba, na kila mwaka mahujaji huvaa nguo nyeupe wakaenda huko kuadhimisha Genna, yaani Krismasi yao, tarehe 7 Januari. Wimbo unaieleza nchi kama isiyo na mto, nayo ndiyo inakotoka Abbay, Nile ya Buluu. Wala hausemi neno juu ya vita na serikali ya kijeshi ya wakati ule, vilivyoigeuza ukame kuwa maangamizi. Bara zima limefanywa jangwa moja lenye mikono iliyonyooshwa. Fuse ODG, mwanamuziki wa Uingereza mwenye asili ya Ghana, alipoalikwa kwenye toleo la 2014 alikataa kwa hoja za namna hii, nasi tunamwelewa.

Dada yetu wa Mombasa alitukatiza hapo, na haki yake iandikwe. "Mtoto wa watu yuafa na njaa, nanyi mwauliza aliyeimba alisemaje?" Tulinyamaza. Ni kweli, fedha zilipatikana na watu walikula. Lakini baada ya chai nyingine tulirudi pale pale: shukrani kwa chakula ni jambo moja, na wimbo ni jambo jingine. Watoto wetu waliozaliwa hapa wameimbishwa wimbo ule darasani, wakarudi nyumbani kutuuliza kama Afrika kuna mito.

"Last Christmas" hautuulizi kama tunajua chochote. Mtu alimpenda mtu, akaachwa upesi, na mwaka mmoja baadaye wanakutana ukumbini anajifanya amepona. Ala ni chache na za bei nafuu, sauti inanong'ona, na kibwagizo kinazunguka kama mtu anayerudia hoja ile ile peke yake jikoni. Hakuna theluji ya kujifunza wala mzee wa ndevu nyeupe. Mwenzetu wa Bukavu alifika Birmingham Desemba moja bila neno la Kiingereza, akausikia dukani, na anasema aliuelewa wote. Ulisubiri mpaka Januari 2021 kufika namba moja, na Krismasi ya 2023 na ya 2024 ukaishika siku yenyewe. Mtunzi hakuona. Alifariki tarehe 25 Desemba 2016.

Inafaa kutaja kwamba Band Aid walirudi 2004 na toleo jipya, wakashinda tena, na safari hiyo aliyebaki wa pili ni Ronan Keating na Yusuf Islam na "Father and Son". Hauna kengele hata moja ya Krismasi. Ni baba anayemsihi mwanawe atulie na mwana anayejua lazima aondoke. Sote saba tumewahi kuwa mwana yule, na wawili sasa ni baba. Nafasi ya tatu, bila kura.

Zikabaki mbili. Mpinzani wa "Last Christmas" mezani petu alikuwa "Fairytale of New York" wa The Pogues na Kirsty MacColl, uliokuwa wa pili 1987 nyuma ya Pet Shop Boys na ambao Uingereza haujawahi kuwa namba moja mpaka leo. Wahamiaji wawili wa Ayalandi wamekwenda New York na ndoto, ndoto zimekwenda na pombe, na mkesha wa Krismasi mume yuko korokoroni akikumbuka. Kisha wanatukanana. Watu wa pwani walikunja uso: mipasho tunaijua, lakini kijembe kinavikwa fumbo, mlengwa anakipata na watoto waliopo wanacheza tu. MacGowan hafumbi. Maneno yake mengine ni machafu kiasi kwamba Radio 1 iliyapunguza mwaka 2020, na hatuyatetei.

Lakini msikilize mwanamke akidai kwamba mume alizichukua ndoto zake, na mume akijibu kwamba amezitunza pamoja na zake mwenyewe. Hapo chombo kikaacha kugongana na kikombe. Nyumba hiyo tunaijua. Iko Bordesley Green, iko Small Heath. Mume alikuwa mwalimu kwao, sasa anaendesha teksi usiku. Mke anapanga masanduku ghalani mchana. Wanaonana mlangoni, na kila mmoja anamwona mwenziwe ndiye aliyesema "twende". Waayalandi wa mji huu walitutangulia katika hayo. Baada ya mabomu ya baa mwaka 1974 hata maandamano yao ya Mtakatifu Patrick yalisimama hadi 1996. Kirsty MacColl alifariki mwaka 2000, Shane MacGowan tarehe 30 Novemba 2023.

Tulipiga kura kwa vikaratasi, vikahesabiwa mara mbili juu ya sinia. "Fairytale of New York" kura nne, "Last Christmas" tatu. Imekuwa ya pili tena. Walioshindwa wanadai uchaguzi urudiwe, na jirani yetu Mhabeshi, ambaye hakualikwa ila harufu ya tangawizi ilimleta, amejitolea kuwa msimamizi. Ameitisha kikao nyumbani kwake tarehe 7 Januari, wakati Waingereza wameshaitupa miti yao kando ya barabara na yeye ndiyo kwanza anachinja kuku.