Akiba Iliyolala Ghalani

Wasomaji wangu, mliopimwa joto la paji la uso na kunawishwa maji ya klorini katika kila kizuizi baina ya Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, hamna haja ya kusimuliwa jinsi Riposti, yaani kampeni ya kupambana na Ebola, ilivyokwenda tangu ugonjwa huo ulipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 hata ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuchukua roho 2,287. Haja yangu ni shauri moja tu, nalo ni lile la kugawa chanjo kwa mkono wa birika ilhali akiba imelala ghalani. Kuitunza chanjo katika baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri, katika miji iliyozoea kelele za jenereta, ni kazi ya kusifiwa, na kupunguza kipimo cha dozi Mei 2019 ili watu zaidi watoshelezwe kulikuwa na hekima. Hayo nayapita.

Tarehe 23 Septemba 2019 Madaktari Wasio na Mipaka walinena bayana kwamba chanjo inabanwa: waliochanjwa kwa siku hawazidi 1,000, na wangeweza kufikia 2,000 hata 2,500, hali Merck, watengenezaji wake, walikuwa wamekwisha kuleta dozi 245,000 na wana nyingine 190,000 tayari kusafirishwa. Shirika la Afya Duniani likakana kubana, likajibu kwamba linafuata mpango uliopendekezwa na wataalamu na kukubaliwa na serikali. Kwangu mimi jibu hilo si utetezi bali ni ungamo, kwa kuwa dosari ilikuwa katika mpango wenyewe.

Mpango ulikuwa wa pete: mgonjwa athibitishwe, waandikwe waliomgusa, waandikwe na waliowagusa hao, ndipo chanjo itoke. Wanaoendesha seva za wingu wanaijua hatari ya mtindo huu, maana ukingoja mzigo uonekane kwenye kipimo ndipo uwashe seva mpya, na seva hiyo ikahitaji dakika kadhaa kabla ya kufanya kazi, maombi yafikayo ndani ya dakika hizo hukwama, na mkataba wa huduma umevunjika hata kama una seva elfu zilizozimwa. Huko ni dakika. Hapa, chanjo huhitaji siku kama 10 kabla ya kumkinga mtu, na ugonjwa huweza kujitokeza tangu siku ya 2 hadi ya 21. Fauka ya hayo kipimo kilikuwa kipofu, kwani wiki baada ya wiki sehemu kubwa ya wagonjwa wapya hawakuwamo katika orodha yoyote. Wala kanuni ya kutanguliza haikuwa ngeni: wahudumu wa afya wa Uganda walianza kuchanjwa Novemba 2018, kabla mlipuko huo haujavuka mpaka, ilhali mchuuzi wa Butembo alingoja jina lake liandikwe.

Watetezi watasema akiba ililindwa kwa ajili ya siku mbaya. Siku mbaya ilikwisha kufika Aprili 2019, wagonjwa walipozidi 100 kwa wiki.

Nimekwisha kuandika, na sitachoka kuandika, kwamba jumla na wastani ni vipimo vya atakaye kusifiwa. Wahandisi wa Amazon, walipoieleza Dynamo, hifadhidata yao, mwaka 2007, walitoa mfano wa mkataba unaotaka maombi 999 katika kila 1,000 yajibiwe ndani ya milisekunde 300, yaani walimtazama aliye nyuma kabisa katika foleni. Riposti ilitusomea jumla ya waliochanjwa, nami nilitaka kujua siku alizongoja yule wa mwisho. Ni mwendo ule ule wa CENI, tume ya uchaguzi, iliyotuahirishia sisi wa Beni na Butembo uchaguzi tarehe 26 Desemba 2018 kwa hoja ya Ebola na usalama, masoko na makanisa yakiwa wazi, tukaja kupiga kura ya wabunge Machi 2019, rais akiwa amekwisha kuapishwa: hesabu ya nchi ikatimia, sisi tukawa salio.

Linganisheni na daktari William Foege, katika Nigeria ya mashariki, Desemba 1966, mwenye chanjo haba za ndui. Aliwauliza wamisionari kwa redio ndui iko wapi, akachanja huko. Kisha, na hapo ndipo ulipo ubingwa wake, akazitazama njia za masoko na za undugu, akapeleka dozi zilizobaki mahali ambapo yamkini ugonjwa ungefika kesho. Nani Butembo asiyejua mabasi ya Goma huondokea wapi, au bidhaa za Kasindi, mpakani na Uganda, hupita njia ipi? Juni 2019 ugonjwa ukatokea Kasese, ndani ya Uganda. Julai mchungaji mmoja akafika nao Goma kwa basi.

Tangu Januari 2021 kuna ghala la kimataifa lililokusudiwa kuwa na dozi 500,000, nalo ni jema, lakini ghala si huduma. Mkataba ujao wa chanjo utaje mambo mawili: ni siku ngapi tangu mgonjwa athibitishwe hadi mtu wa mwisho wa mtaa wake achanjwe, na ni dozi ngapi zitakazotangulia njiani kabla ya ugonjwa, na atakayekataa kutia sahihi hapo asikabidhiwe ufunguo wa friji.