Kusoma na Kuona

Katika darasa la tatu la shule moja tuliyoalikwa kuitembelea, mtoto wa kike alisimama, akashika kitabu kwa mikono miwili, akasoma sentensi hii: "Bibi alijitwika mtungi, akashuka taratibu kuelekea kisimani." Aliisoma bila kukosea hata silabi moja. Wenzake wakampigia makofi, na mwalimu wake akatutazama kwa fahari iliyomstahili. Tukaomba ruhusa ya kuuliza swali dogo: "Mwanangu, mtungi ulikuwa wapi?" Mtoto akairudia sentensi nzima, kwa haraka kuliko mara ya kwanza. Tukamwuliza tena. Akapitisha kidole juu ya ukurasa, neno baada ya neno, kisha akajibu kwa sauti ndogo: "Haikuandikwa, mzee."

Na kwa hakika haikuandikwa. Neno kichwa halimo katika sentensi ile. Lakini aliyemwona bibi yule hana haja ya kuambiwa, kwa kuwa anayejitwika hujitwika kichwani. Kadhalika ajua ya kuwa mtungi ni mtupu, maana ndiyo kwanza wapelekwa kisimani. Na ajua ya kuwa kisima kiko bondeni, maana bibi alishuka. Maneno ni saba tu, na ndani yake mna kichwa, mteremko na mtungi usio na maji, wala hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotajwa. Mtoto wetu aliyasoma yote saba, asione kitu.

Hatulisemi hili ili kumlaumu mwalimu. Kosa lenyewe limefichwa na uzuri wa lugha yetu. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja hutamkwa vile vile popote iandikwapo. Mtoto akishazijua irabu na konsonanti, na akazoea ng' na dh na gh, aweza kutamka neno lolote, hata lile ambalo hajapata kulisikia tangu azaliwe. Mtoto wa Kiingereza asiyeelewa anachosoma hujikwaa upesi katika tahajia ya lugha yake, na mwalimu akamtambua. Wa kwetu hajikwai. Husonga mbele kama mtumbwi uliokatika kamba, nasi tulio ufukoni tukasema: tazameni jinsi unavyokwenda!

Sisi wenyewe tumo katika hesabu hiyo. Tulianza shule katika miaka ya Elimu ya Msingi kwa Wote, mpango uliotokana na Azimio la Musoma la mwaka 1974 na kuanza kutekelezwa mwaka 1977. Ulikuwa mpango wa heshima, uliowaingiza darasani watoto ambao pengine wasingeliona dawati. Lakini vitabu havikutosha. Kitabu kimoja tulikizunguka watano, na aliyekaa ng'ambo ya dawati alikiona kichwa chini, miguu juu. Mwalimu alisoma, nasi tukaitikia. Kurasa zikaingia masikioni kabla ya kupita machoni. Siku moja tulisifiwa mbele ya mgeni kwa kusoma vizuri ukurasa ambao, kusema kweli, hatukuwa tumeufunua.

Tangu siku zile mengi yamefanyika. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa mwaka 1991 umetoa hadithi nyingi nzuri, na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulielekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini siku hizi, mara nyingi panapopimwa usomaji, huhesabiwa maneno anayoyatamka mtoto kwa dakika moja. Kipimo hiki kina kazi yake: mtoto anayeburura silabi moja moja, akifika mwisho wa neno amekwisha sahau mwanzo wake. Hatari ni kukifanya kipimo kuwa shabaha. Mtoto hujua upesi sana watu wazima wanataka nini kwake. Akijua twataka mbio, atatupa mbio.

Wepesi wa kusoma si mbio. Hebu mwalimu awape wanafunzi wake sentensi hii: "Dereva aliufunga mzigo barabara kabla ya kuingia barabara kuu." Herufi ni zile zile, lakini neno la kwanza hukazwa katika silabi yake ya pili, na la pili hukazwa katika ya tatu. Hakuna alama yoyote ukurasani ya kumwongoza msomaji. Kinachomwongoza ni kuiona kamba inavyokazwa, kisha kuiona njia. Asiyeona atayatamka yote mawili sawasawa, na saa ya mkononi haitagundua kosa.

Tena lugha yetu hubeba mambo mengi ndani ya neno moja. Chukua walipomkimbilia. Hapo mna watu wengi, mna wakati uliopita, mna mtu mmoja, na mna mbio za kumwendea yeye. Hiyo ni picha kamili, na mtoto aliyezoezwa kuiona hulisoma neno hilo kwa pumzi moja, kwa sababu lina umbo akilini mwake. Asiyezoezwa ana silabi nane tu za kuvuka.

Wazee wetu waliwafunza watoto kuona kabla shule hazijajengwa. Kitendawili! Tega! Kuku wangu katagia miibani. Mtoto hawezi kulijibu hilo asipomweka kwanza kuku akilini, akaizungusha miiba, akalitazama yai lililokaa katikati, mpaka ghafla lile yai likageuka nanasi shambani. Kazi hiyo ilifanywa kila jioni, bila chaki. Twastaajabu kwamba vitendawili vimepewa ukurasa wao peke yake katika vitabu, vikakaririwa pamoja na majibu yake kama jedwali la kuzidisha, ilhali vingeweza kuwa mlango wa kila somo la kusoma. Nao watafiti wa mbali wamefika pale pale: mwaka 1976 Michael Pressley wa Marekani alichapisha uchunguzi uliohusu watoto wa miaka minane, ukaonyesha kuwa waliofundishwa kujichorea picha akilini waliikumbuka hadithi waliyoisoma kuliko wenzao wasiofundishwa hivyo.

Mtu asitufahamu vibaya. Picha haichukui nafasi ya herufi. Wako watoto wanaoutazama mchoro kitabuni, wakaona maji, wakasoma mto mahali palipoandikwa kisima; huko ni kubahatisha. Mtoto na azijue herufi zake zote. Wala haitoshi kumwambia "ona" mtoto wa mjini ambaye hajauona mtungi, au mtoto wa bara ambaye hajaiona bahari, au yule anayekutana na Kiswahili shuleni baada ya lugha ya mama yake. Huyo aonyeshwe kitu chenyewe, au aelezwe kwa kitu anachokijua. Kazi hii huchukua muda, na darasa la watoto themanini halina muda. Hilo twalijua, na anayepanga ratiba naye yafaa alijue.

Mwalimu wa darasa lile hakuudhika na swali letu. Alimwita mtoto mbele, akakunja kitambaa kuwa kata, akamwekea kichwani, na juu yake akamtweka ndoo tupu ya darasa. Akamwambia ashuke kisimani. Darasa halina mteremko, lakini mtoto aliupinda mguu, akaishika ndoo kwa mkono mmoja, akaenda polepole kati ya madawati huku wenzake wakimpisha. Aliporudi akapewa kitabu. Safari hii alitua penye mkato, ambapo mwanzo alipapita bila kusimama, na neno taratibu akalisema taratibu. Kabla hajaketi, mvulana wa dawati la nyuma alinyosha mkono, akauliza kwa nini bibi huyo ateke maji peke yake. Kwani wajukuu wake wako wapi?