Ushuhuda wa nguruwe na ushuhuda wa majivu

Wengi wetu tumesikia neno hili, hata darasani: «Wenye elimu wahesabu miaka ya jiwe kwa mfupa, na miaka ya mfupa kwa jiwe, wazunguka tu.» Anayesema hivyo asome kitabu cha Bwana Roger Lewin, Bones of Contention, kilichotoka mwaka 1987, hasa habari ya Koobi Fora, kando ya ziwa Turkana katika Kenya.

Huko, mwaka 1969, Kay Behrensmeyer alivumbua tabaka la majivu ya volkano. Ndani ya majivu hayo potasiumu hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni; anayepima vyote viwili aweza kuhesabu miaka. Fitch na Miller wa Uingereza walipata milioni 2.6. Basi fuvu namba 1470, lililopatikana chini yake mwaka 1972, likasemwa kuwa la kale mno.

Lakini nguruwe walikataa. Magego ya nyuma ya nguruwe wa aina fulani yalizidi kurefuka kadiri ya nyakati. Basil Cooke akaona kwamba yale ya chini ya majivu yafanana na ya Omo, Ethiopia, yenye miaka milioni 2 tu. Na matabaka ya Omo yalipimwa kwa majivu yao wenyewe: mzunguko uko wapi? Wengine wakajibu kwamba labda nguruwe wa Koobi Fora walitangulia kubadilika. Jibu hilo si la kipumbavu. Ndipo majivu yalipopimwa upya, na mwaka 1980 Ian McDougall wa Australia akapata karibu milioni 1.9. Punje za mawe ya kale zaidi zilikuwa zimechanganyika na majivu.

Lewin alikwisha andika vitabu pamoja na Richard Leakey, mkuu wa kazi ya Koobi Fora, wala hamfunikii, twamsifu. Lakini apenda mno kuonyesha fahari na hasira za watu. Msomaji mwenye haraka atadhani yote ni maoni tu, kumbe ubishi ulimalizwa na mizani na meno.

Kwetu Kivu, pale Senga katika bonde la Semliki, waliochimba miaka ya 1980 walitaja milioni 2 mpaka 2.3 hasa kwa kulinganisha wanyama na wale wa mashariki. Hesabu hiyo yategemea shahidi mmoja.