Kioo cha ukungu kwenye simu ya Kalundu

Muuza ndagala wa bandari ya Kalundu, Uvira, akituma pesa kwa simu, kidirisha cha kuthibitisha huibuka juu ya orodha ya miamala. Wasanifu wa programu hupenda kidirisha hicho kiwe kioo chenye ukungu: vya nyuma vionekane, visisomeke. Windows Vista iliwahi kuwa na mtindo huo, na Apple ikauvumisha upya mwaka 2013 kwa iOS 7. Kuufanya ukubali kwenye simu za kila aina, kwa msimbo mmoja, ndiyo kazi.

Mwandishi wa msimbo Chris Banes aliifanya kwa maktaba yake ya Haze, yaani msimbo ulio tayari kutumiwa na wengine, inayotumika na Compose Multiplatform, zana ya kutengeneza programu za mifumo mbalimbali kwa msimbo mmoja. Android 12 ya mwaka 2021 ilileta RenderEffect, zana ya kutia madoido kama ukungu, ila hiyo hutia ukungu kile ambacho kijenzi chenyewe kinachora, si kilicho nyuma yake. Haze ikapita njia nyingine. Mtengeneza programu anayeitumia hutia alama mandhari ya nyuma, maktaba huyarekodi kwenye tabaka la pembeni, kisha kidirisha huchora upya kipande kilekile kilicho chini yake, safari hii kikiwa na ukungu. Juu hupakwa rangi nyepesi na kunyunyiziwa chembechembe. Bila chembechembe hizo, jicho laweza kuona picha iliyoharibika tu.

Gharama yake si ndogo. Ukungu unaofika nukta (pikseli) 20 kila upande, ukikokotolewa kijinga, hudai kusoma nukta 1,681 ili kupata nukta moja. Ukungu wa Gauss, aina inayotumika sana, unagawanyika: pita mlalo, kisha wima, na hesabu inashuka hadi 82. Punguza kwanza picha hadi robo ya upana na robo ya urefu, zinabaki nukta moja kati ya 16. Na yote yaishe ndani ya milisekunde 16 na ushei, kwa skrini inayochora mara 60 kwa sekunde.

Kwenye Android 11 kushuka chini, kwa kawaida Haze huacha ukungu na kupaka rangi inayopitisha mwanga kiasi. Wapo watakaoliita hilo kushindwa. Ni uamuzi sahihi. Hata Android yenyewe huweza kuzima ukungu wa madirisha simu inapookoa betri.

Hatari iko kwenye rangi hiyo ya akiba. Ikiwa nyepesi mno, juani ufukweni, dola na faranga za muamala hugombana na maandishi ya nyuma, na mtu anathibitisha asichokisoma. Anayetengeneza programu kwa watu wa Uvira, Bujumbura au Kigoma aijaribu rangi hiyo kwanza, nje, saa sita mchana, kwenye simu ya bei nafuu. Ukungu aushughulikie baadaye.