Kauli ya Nani? Takhmisi na Insha za Wanafunzi Wetu

Kila msimu wa insha unapowadia, mwalimu wa fasihi hupokea karatasi arubaini zenye sauti moja. Zote huanza kwa fasili ya ushairi, zikaingia kwenye fani, zikavukia kwenye maudhui, kisha zikamalizia kwa kumsifu mtunzi kuwa amefaulu kwa kiasi kikubwa. Diwani hubadilika mwaka hadi mwaka, insha haibadiliki. Zamani zilitoka kwenye vitini vilivyouzwa penye mashine za kutoa nakala. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazotunga insha nzima kabla chai haijapoa. Haya yote tunayaita wizi wa maandishi, na adhabu yake tunaijua: alama sifuri, na pengine kufukuzwa chuoni.

Adhabu si dhulma. Lakini nathubutu kusema kuwa inafika imechelewa, kwani mwanya wa wizi huu hufunguliwa na mwalimu siku anapotoa swali. Tazama swali hili: “Jadili fani na maudhui katika diwani ya Kimbunga.” Diwani hiyo ya marehemu Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu, ilitolewa mwaka 1994 na imesomwa na wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita. Swali la namna hiyo limekwisha kujibiwa mara zisizo na idadi. Mwanafunzi anayeliandikia jibu hana jambo la kutafuta. Kilichobaki ni kuchagua amnakili nani. Tunamwomba utafiti mahali ambapo hatukumwachia chochote cha kutafiti.

Lipo na jengine. Tunamwambia “usinakili” kana kwamba neno hilo linajieleza lenyewe, ilhali mtoto wa pwani amelelewa kuiheshimu nakala. Chuoni alijifunza kwa kuhifadhi na kurudia. Tendi zetu zimetufikia kwa sababu watu kama Muhamadi Kijumwa wa Lamu walikaa wakazinakili kwa mkono, herufi kwa herufi. Kwa nini basi kazi ya Kijumwa iwe fakhari na ya mwanafunzi iwe kosa? Jibu ni kwamba mnakili mwaminifu hajidai kuwa mtunzi. Ameibeba kauli ya mwenziwe kama amana, na msomaji anajua mwenye mali ni nani. Dhambi haimo katika kuchukua. Imo katika kuficha ulikochukua.

Ushairi wetu umelifahamu jambo hili kwa muda mrefu, na umelitengenezea umbo lake makhsusi, nalo ni takhmisi. Mshairi huchukua mistari miwili ya mtangulizi wake, akaitangulizia mistari mitatu ya kwake, ukapatikana ubeti wa mistari mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, hutajwa kuwa ndiye aliyezitakhmisi kauli za Fumo Liyongo. Katika kazi ya aina hii hakuna anayedanganywa. Miwili ni ya yule, mitatu ni ya huyu. Tena hiyo mitatu haipachikwi ovyo: lazima ipatane na ile ya asili kwa mizani na kwa vina, na lazima iongeze maana. Mtakhmisi anayerudia tu yaliyomo katika mistari miwili amefanya kazi bure, na mwenye kuikiuka maana yake ameivunja amana.

Sioni mfano bora zaidi wa kumfundishia mwanafunzi matumizi ya nukuu. Insha ya utafiti ni takhmisi ya nathari. Kauli ya mhakiki aliyetangulia huwekwa wazi, kwa jina lake, kwa kitabu chake na kwa ukurasa wake. Kisha mwanafunzi hutakiwa alete mistari yake mitatu. Hapa pia ndipo inapobainika hila ambayo wengi hawaijui kuwa ni hila. Tuseme mhakiki ameandika: “Mshairi ametumia kimbunga kama taswira ya misukosuko ya jamii.” Mwanafunzi akaandika: “Msanii anaitumia dhoruba kuwakilisha machafuko ya watu.” Kila neno la maana limebadilishwa, na programu ya kukagua wizi huenda isione kitu. Wazo, hata hivyo, ni lile lile, na mwenyewe hakutajwa. Huku ni kumvisha mtu kanzu mpya na kumnyang'anya jina. Mwanafunzi aonyeshwe sentensi mbili kama hizi zikiwa ubavu kwa ubavu, aulizwe: mistari yako mitatu iko wapi?

Na mistari hiyo mitatu itatoka wapi? Itatoka kwenye swali dogo lenye mlango wazi. Turudi kwenye Kimbunga. Shairi lililoipa diwani hiyo jina linautaja mji wa Siyu. Wanafunzi wengi huupita mji huo wakakimbilia kwenye “dhamira”. Mwalimu na awasimamishe hapo hapo. Siyu iko kisiwani Pate, kaskazini ya mbali. Mtunzi ni mtu wa Tumbatu. Kwa nini Siyu, na si Mkokotoni au Wete? Je, ni kina tu kilichomlazimisha, au jina hilo lina uzito wake?

Mwanafunzi akilifuata swali hili hatapata kitini cha kumjibu. Atakuta kwamba Siyu ilitawaliwa na Bwana Mataka, aliyepambana kwa miaka mingi na Sayyid Said wa Zanzibar. Atakuta kwamba mkewe Bwana Mataka ndiye Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi mashuhuri mwaka 1858. Atalazimika kupima: je, khabari hizi zinahusiana na shairi, au ni sadfa ya jina? Pengine ataamua kuwa hazihusiani. Hata hivyo, uamuzi huo utakuwa wake, na kila hatua aliyoipita ataweza kuitaja bila ya haya.

Kutaja nako kuna adabu yake. Mara ngapi tunasoma “kama asemavyo Muyaka”, ilhali mwandishi hakumsoma Muyaka, kamkuta katika kitabu cha mtu mwengine? Tungo za Muyaka bin Haji zilikusanywa Mombasa na mmishonari W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19, kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Zilichapishwa na Hichens mwaka 1940, kisha zikachambuliwa upya na Mohamed Abdulaziz mwaka 1979. Mwanafunzi aseme alizisoma wapi. Asipoutaja mnyororo huo, wa mwanzo kufutika ni Mwalimu Sikujua, ambaye bila yeye tungepoteza sehemu ya maana ya beti zile.

Nitaambiwa kuwa skuli zetu hazina maktaba za kutosha kwa kazi kama hii. Ni kweli. Lakini ushairi wa visiwani haukai maktaba peke yake. Haji Gora, aliyewahi kuwa mvuvi, aliishi nasi hadi mwaka 2021. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Unguja aliweza kumfuata na kumuuliza juu ya Siyu kwa mdomo wake. Ni wangapi walitumwa na walimu wao? Wengi walikaa wakinakili kitini juu ya mtu aliyekuwa hai jirani yao. Fursa ile imekwisha, lakini wapo wazee wengine, Tumbatu, Makunduchi, Micheweni, wenye tungo na fasiri ambazo hazimo katika kitabu chochote wala katika programu yoyote.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wenzangu ni hili. Muhula ujao, tuache kuuliza fani na maudhui ya diwani nzima. Tumpe kila mwanafunzi ubeti mmoja, neno moja lisiloeleweka vyema, na mzee mmoja wa kumuuliza. Atakaporudi, aandike kwanza kauli alizozipokea na majina ya waliompa, kisha aandike ya kwake chini yake. Tukisahihisha, tuanze na hizo za kwake.