Mtoto Aliyesema Mama Anaumwa

Miaka kadhaa iliyopita niliandika hadithi fupi ya watoto kuhusu Rehema, msichana wa darasa la nne. Mwalimu wa darasa anamkumbusha kuleta hela ya mchango wa uji. Mama yake anauza vitumbua, na wiki hiyo mtaji umekata. "Mwambie mwalimu nitakuja Ijumaa," mama anasema. Ijumaa inapita. Jumatatu Rehema anaulizwa mbele ya darasa zima, naye anajibu kwamba mama anaumwa. Hadithi iliishia hapo: Rehema anarudi kwenye dawati, na mwenzake anamsogezea nafasi bila kumtazama.

Mhariri aliipenda ila akasema haijaisha. Uongo haujagundulika, na mtoto hajajifunza kitu. Nilikuwa na njaa ya kuchapishwa, kwa hiyo nikaimalizia. Mwalimu anakutana na mama sokoni, mzima kabisa. Rehema anachapwa viboko vitatu, analia, anaahidi kutosema uongo tena. Kitabu kikatoka. Mtoto wa dada yangu alikisoma kwa sauti sebuleni mpaka mwisho, akakifunga, akaniuliza:

"Mamdogo, sasa hela ya uji ilipatikana?"

Sikuwa na jibu. Hadithi yangu ilianza na tatizo la hela na kuishia kwenye tatizo la tabia, na katikati nilikuwa nimeibadilisha kesi kimyakimya, kama hakimu anayesikiliza shauri la shamba kisha anamfunga mlalamikaji kwa kuchelewa mahakamani. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma hadithi zetu za watoto kuhusu shule na nyumbani nikimtafuta huyo hakimu, na mara nyingi sana namkuta. Mtoto anachelewa shule kwa sababu ametumwa maji, na mwisho anajifunza kuwahi. Mwingine anaiba penseli kwa sababu hana, na mwisho anajifunza kutoiba. Maji hayasogei karibu. Penseli hainunuliwi.

Mtindo huu una ukoo. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952, ndugu wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu, wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku. Pale inafaa, maana ni hekaya. Kuna majini, na majina yenyewe yanatangaza mapema kwamba tumo katika nchi ambako tabia ndiyo hatima. Kosa ni letu sisi tuliochukua kiboko cha Adili na kukiingiza darasa la nne B, tukambatiza mtoto jina la Mtukutu, kisha tukaandika kwenye jalada kwamba ni kisa cha maisha halisi. Mtoto anayeitwa Mtukutu ameshahukumiwa kabla ya kengele ya asubuhi kulia.

Halafu kuna shule yenyewe, iliyotufundisha kuandika kwa ajili ya maksi. Wenzetu wa Kenya waliofanya KCPE, mtihani uliofikia mwisho wake mwaka 2023, walikuwa na dakika 40 za kuandika insha, na wengi waliingia chumbani na jua lao likiwa limeshachomoza, ndege wao wameshalia na methali ya kufungia imeshachaguliwa. Mtihani ndivyo ulivyo, siulaumu. Lakini ukianza na methali, mtu wako lazima avunjike guu. Hana namna nyingine.

Watu wanadhani uhalisia ni vitu. Weka kidumu cha maji na fagio la chelewa, weka soksi zilizolegea, mwalimu wa zamu mstarini, kiranja anayeandika majina ya wapiga kelele, na hadithi itakuwa ya kweli. Vitu vinasaidia, na mimi navipenda. Lakini hadithi yangu ilikuwa navyo vyote na bado ikadanganya. Mazungumzo nayo yanasaidia, na huko ndiko tunakoanguka bila kisingizio: watoto wetu vitabuni husemeshana kama makatibu wa mkutano. "Rafiki yangu mpendwa, naomba unisaidie shilingi mia mbili." Mtoto gani huyo? "Una mia mbili? Nikopeshe, kesho nakupa." Hata hivyo, unaweza kuandika mazungumzo matamu kama yanavyosikika uwanjani, kisha ukaja kuyafunga kwa viboko vitatu.

Kilichokosekana kwangu kilikuwa kujua Rehema alikuwa anafanya nini aliposema mama anaumwa. Mhariri aliona uongo. Mimi niliyemuumba nilipaswa kuona zaidi ya hapo: Rehema alikuwa anamsitiri mama yake. Darasa zima linasikiliza, na kusema "mama hana hela" ni kumvua mama nguo mbele ya watu. Nani alimfundisha kusitiri? Watu wazima walewale. Mtoto wa Kiswahili anaambiwa usiseme uongo, na anaambiwa pia mambo ya nyumbani hayatoki nje. Siku nyingi amri hizi mbili hazikutani. Siku ya mchango zinakutana, na zinakutana mdomoni mwa mtoto wa miaka kumi aliyesimama peke yake, kwa sababu ndiye mjumbe kati ya mamlaka mbili zisizosemezana. Shule za msingi za serikali Tanzania hazitozi ada, lakini uji una unga, sukari na kuni, na wazazi hukubaliana kuchangia. Anayebeba majibu yao ni mtoto.

Kwa hiyo maadili yalikuwemo katika toleo la kwanza, tena mazito. Mwisho wa viboko ndio uliokuwa hauna maadili, kwa sababu uliamua kwamba amri ya shule ina uzito na ya nyumbani haina.

Nitaambiwa kwamba wazazi na walimu ndio wanaonunua vitabu, na wanataka mafunzo. Ni kweli, na mchapishaji naye ana kodi ya kulipa. Nitaambiwa pia kwamba watoto wanapenda hadithi zenye funzo. Hapo nabisha. Kitabu nilichokisoma mpaka kikachanika utotoni kilikuwa Hekaya za Abunuwasi, na huyo ni mwongo anayempiku Sultani kisha anakwenda zake nyumbani kula. Hakuna mtoto mtaani kwetu aliyekuwa mwizi kwa sababu yake. Tulichojifunza kwake, kama tulijifunza, ni kwamba mnyonge anaweza kuwa na akili kuliko mwenye kiti. Nashangaa kwamba tunamruhusu Abunuwasi kusema uongo mbele ya Sultani lakini Rehema hatumruhusu mbele ya mwalimu wa hisabati.

Sisemi hadithi ziwatukuze waongo. Uongo wa Rehema una gharama, na hadithi nzuri ingeionyesha. Sasa hawezi kumwambia mama alichosema. Kila mwalimu akiuliza hali ya mgonjwa, inabidi aongeze kidogo, leo homa, kesho mgongo. Hofu hiyo ni adhabu tosha, na mtoto anayesoma ataijua mara moja kwa sababu ameshawahi kuibeba.

Nimeiandika upya mara tatu sasa. Katika toleo lililo mezani, mama anakuja shuleni Jumatano asubuhi, kanga mbili, ndoo ya vitumbua mkononi. Mwalimu anatoka mlangoni. "Shikamoo, Mama Rehema. Pole, tumesikia ulikuwa unaumwa." Mama anaitikia, anamtazama mwanawe kupitia dirishani, kitambo kidogo tu. "Nimeshapoa, mwalimu," anasema. "Namshukuru Mungu."

Hela ya uji bado sijajua itatoka wapi.