Ng'ambo ya Nani? Jina la Mtaa katika Vuta N'kuvute

Wanafunzi wengi tunapoihakiki Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999, tunaandika kuhusu mapenzi, ukoloni na nafasi ya mwanamke. Mada hizo zimo, na mitihani huziuliza. Mimi nilikwama kwenye neno moja linalopita katika riwaya kama jina la kawaida la mahali: Ng'ambo. Ninadai kwamba tukilisoma neno hilo kama neno, si kama anwani tu, tutaielewa vizuri zaidi safari ya Yasmin.

Ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Ili neno hili liwe na maana, lazima pawe na maji, na lazima pawe na mtu aliyesimama upande mmoja akitazama mwingine. Mtu wa Bujumbura akitazama Ziwa Tanganyika jioni, Uvira ni ng'ambo. Mtu wa Uvira akiziona taa zetu, ng'ambo ni sisi. Kila mmoja ana haki ya kulitumia, na hakuna anayelimiliki. Unguja haikuwa hivyo. Mkono wa bahari ulitenga majumba ya mawe na makazi ya watu maskini, wengi wao wenye asili ya utumwa na watu waliotoka bara na mashamba. Upande wa mawe ndio ulioitwa mji. Upande wa pili ukaitwa Ng'ambo, na wakazi wake wenyewe wakalazimika kujitaja kwa jicho la aliyekuwa akiwatazama kutoka kule. Baadaye maji yale yalifukiwa, ikapita barabara. Maji yaliondoka, jina likabaki.

Sasa tumtazame Yasmin. Ni binti wa Kihindi aliyeozwa akiwa mdogo kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri mno. Anapoikimbia ndoa hiyo na jamaa zake wakamkataa, anayempokea ni Mwajuma, rafiki yake wa Ng'ambo. Kwa kipimo cha watu wake, amepotea: ametoka katika mji akaangukia upande usiostahili. Lakini riwaya inahama pamoja naye. Tangu anapokaribishwa na Mwajuma, hapo ndipo yanapotokea mambo yenye uzito: urafiki, muziki, mikutano ya siri ya vijana wanaoupinga utawala wa Mwingereza. Msomaji akifika katikati ya kitabu, upande uliokuwa wa pili umekuwa wa kwanza, na nyumba aliyotoka Yasmin ndiyo inayoonekana iko mbali.

Kuna Denge pia. Yeye alisoma Urusi, na Kiswahili kinamruhusu mtu kama huyo aambiwe kwamba alikwenda ng'ambo. Neno ni lilelile. Likimaanisha Ulaya, ni sifa. Wazazi hulitamka kwa fahari. Likimaanisha mtaa uliopo hatua chache kutoka sokoni, ni aibu. Denge amekwenda ng'ambo moja na akarudi kuchagua nyingine. Katika mhusika huyo naona riwaya ikituonyesha kwamba heshima haimo ndani ya neno, bali hutiwa na anayelisema.

Jambo hili linanigusa kwa sababu nimezaliwa Buyenzi. Wakati wa ukoloni wa Mbelgiji, Bujumbura nayo iligawanywa: Wazungu mahali pao, Waasia mahali pao, na watu waliozungumza Kiswahili, wengi wao Waislamu, wakakaa Buyenzi. Hadi leo tunayo karitiye inayoitwa ya Waasia. Tanzania wana majina ya namna hiyohiyo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mbili za kwanza zimebaki kuwa majina ya mitaa katika miji kama Dodoma na Mbeya. Ya tatu imekuwa zaidi ya jina. Mtu akisema leo kwamba fulani anaishi uswahilini, haelezi kabila wala lugha. Anasema kuna kelele, matope, umbea na nyumba zilizobanana. Kwetu nako, kumwita mtu Mswahili kwa Kirundi mara nyingi ni kumwambia ni mjanja asiyeaminika. Nikiwa sekondari, mwalimu mmoja alinikosoa kwa kusema, "Usituletee ya Buyenzi." Tulikuwa katika somo la Kiswahili.

Yaani lugha tunayoisomea shahada imeyageuza makazi ya wasemaji wake kuwa tusi. Nashangaa kwamba tunaandika kurasa nyingi juu ya usanifishaji, na hatuulizi swali hili.

Najua nitakavyojibiwa. Ng'ambo ni mahali halisi. Mwandishi hakulibuni jina, kwa hiyo nisimpe sifa ya kitu alichokikuta. Ni kweli hakulibuni. Lakini mwandishi huchagua wapi asimame anaposimulia, na Adam Shafi angeweza kuisimulia Ng'ambo kwa jicho la dukani kwa Raza, kama kichaka cha maovu kinachommeza binti wa watu. Hakufanya hivyo.

Hata hivyo, sikubali kila kitu. Mlango wa Mwajuma uko wazi mno. Anapokea, anafariji, anapika, anaficha siri, lakini shida zake mwenyewe hatuzijui kwa kina tunachozijua za Yasmin. Ng'ambo imekuwa kitovu cha hadithi, ila moyo wa hadithi bado ni wa mgeni aliyevuka kuingia humo. Wenyeji wamebaki wenyeji, kwa maana ya wenye kukaribisha. Kumsifu maskini kwa ukarimu tu ni njia nyingine ya kumwacha upande wa pili. Natamani riwaya ambayo Mwajuma ndiye anayevuka, na sisi tunabaki naye akiwa peke yake usiku.

Siombi majina haya yafutwe. Wakazi wa Ng'ambo wamelichukua jina lao na kulifanya la kujivunia, nasi wa Buyenzi tumefanya vivyo hivyo. Fundi wa gari au cherehani akitajwa mjini, watu huelekezwa kwetu. Ninachoomba ni kidogo. Tunapohakiki riwaya na kukuta mtaa umetajwa, tusiandike "mandhari" na kusonga mbele. Tuulize jina hilo lilitolewa na aliyesimama wapi. Mimi nikiulizwa ninaishi wapi, najibu Buyenzi, na sishushi sauti.